Mtu wa Kale: Miguu Ilitangulia Kichwa

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Kwa kiongozi wa darasa: Kabla ya saa ya redio andika ubaoni maneno haya matano: kisukuku, tabaka, fuvu, volkano, ushahidi. Wanafunzi wayasome kwa sauti, mmoja mmoja. Weka mezani mtungi mtupu na chombo cha kupimia lita moja. Somo lina pumziko moja katikati. Wakati huo wanafunzi wazungumze, wala usiwape majibu upesi.

MWALIMU:

Leo nataka kuwaelezeni habari za watu wa zamani sana. Sisemi zamani za babu zetu, wala zamani za kujengwa miji ya mawe ya pwani. Nasema zamani ambazo hapakuwa na jembe, wala chungu, wala mtu wa kuwasimulia wajukuu mambo aliyoyaona. Hata hivyo, wataalam wanatuambia kwamba wakati huo walikuwako viumbe waliotembea kwa miguu miwili katika nchi hizi zetu za Afrika ya Mashariki. Wanatuambia walikuwa na kimo gani, walikula nini, na ubongo wao ulikuwa na ukubwa gani.

Mtu mwenye akili atauliza: Wamejuaje? Hilo ni swali jema, tena ndilo somo lenyewe. Katika baraza la wazee, maneno ya mtu hayakubaliwi mpaka alete shahidi. Nasi tutafanya vivyo hivyo. Tutawaita mashahidi, mmoja baada ya mmoja, na kila shahidi tutamwuliza maswali mawili: Unatuonyesha nini? Nasi tutajuaje umri wako?

Mwishoni mtaona kwamba mashahidi hao wanakubaliana juu ya jambo moja kubwa, ambalo zamani wataalam wengi walilikataa. Jambo hilo ni hili: katika safari ndefu ya kuwa binadamu, miguu ilitangulia, kazi ya mikono ikafuata, na kichwa kikubwa kikaja mwisho.

MFUPA UNAGEUKAJE KUWA JIWE?

Tuanze na mashahidi wenyewe. Mnyama akifa porini, mara nyingi hapati kubaki. Fisi humla, tai humnyofoa, jua na mvua humaliza mifupa iliyosalia. Baada ya miaka michache huwezi kuona kitu.

Lakini mara chache hutokea vingine. Mnyama hufa kando ya ziwa au mto, na matope humfunika upesi. Au volkano, yaani mlima utoao moto, hutapika majivu yakamfunika. Nyama huoza, bali mfupa hubaki chini. Maji yanayopita ardhini huchukua madini, na madini hayo huingia ndani ya mfupa polepole, hata mfupa ukawa mzito na mgumu kama jiwe. Sura yake haibadiliki. Mfupa wa namna hiyo huitwa kisukuku, na ikiwa ni mingi tunasema visukuku. Unyayo uliokanyagwa katika matope, kisha ukakauka na kufunikwa, nao ni kisukuku.

Sasa fikirini mtu anayetandika mikeka sakafuni, mmoja juu ya mwingine, mkeka mmoja kila mwaka. Mkeka wa chini ndio wa zamani, na wa juu ndio mpya. Ardhi nayo hutandikwa hivyo. Matope ya mwaka huu hulala juu ya matope ya zamani, na majivu ya volkano hulala juu ya matope. Kila mkeka wa udongo tunauita tabaka. Kwa hiyo kisukuku kilichomo katika tabaka la chini ni cha zamani kuliko kile cha tabaka la juu, ikiwa ardhi haikupinduliwa.

KORONGO LA OLDUVAI

Mahali ambapo mikeka hiyo inaonekana wazi ni Olduvai, kaskazini ya Tanzania, katika nchi ya Wamasai, karibu na Ngorongoro. Jina lenyewe limetoka katika neno la Kimasai, Oldupai, nalo ni jina la mkonge wa porini unaoota kwa wingi mahali pale. Zamani palikuwa na ziwa. Wanyama walikuja kunywa maji, na volkano za jirani zilimwaga majivu mara kwa mara. Ziwa likakauka. Baadaye maji ya mvua yakachimba bonde lenye kuta ndefu, na mahali pengine kina chake hufika karibu mita 90. Ukisimama chini ukitazama ukuta, unaona matabaka yamepangana, mengine mekundu na mengine ya kijivu.

Mwaka 1911 daktari Mjerumani, Wilhelm Kattwinkel, alifika hapo akaokota visukuku vya wanyama. Mwaka 1913 mtaalam mwingine Mjerumani, Hans Reck, alikuja kuchimba. Kisha mwaka 1931 akaja Louis Leakey, mtu aliyezaliwa na kukulia Kenya, na baadaye mkewe Mary. Waliona mawe mengi yaliyochongwa na watu wa kale, lakini mifupa ya watu wenyewe ilikuwa adimu. Walirudi na kutafuta kwa miaka mingi.

Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona kipande cha mfupa kimetokeza katika mteremko. Kilikuwa ni sehemu ya fuvu, yaani mfupa wa kichwa. Fuvu lilikuwa limevunjika vipande kama 400, na ilibidi kuviunganisha kama mtu anayeunganisha gae za chungu. Magego yake yalikuwa makubwa mno, na juu ya kichwa palikuwa na ukingo wa mfupa uliokuwa ukishika misuli ya kutafunia. Louis Leakey alikiita kiumbe hicho Zinjanthropus. Sehemu ya kwanza ya jina hilo, Zinj, ni jina la zamani ambalo Waarabu waliiita pwani yetu, na ndilo lililomo katika jina la Zanzibar. Tangu mwaka 1965 fuvu hilo liko Tanzania, chini ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

UMRI WA JIWE UNAPIMWAJE?

Sasa tumwulize shahidi swali la pili: Una umri gani? Leakey alikisia miaka 600,000. Lakini mwaka 1961 wataalam wawili wa Marekani, Jack Evernden na Garniss Curtis, walipima majivu ya volkano ya tabaka lile, wakapata miaka kama 1,750,000. Watu wengi walistaajabu. Walipimaje?

Tazameni mtungi ule ulio mezani. Tuseme mnauweka mtupu chini ya paa linalovuja, na kila saa moja maji ya kibaba kimoja yanaingia ndani. Mkirudi mkakuta vibaba sita, mtajua mtungi umekaa hapo saa sita, hata kama hakuna aliyekuwa anatazama saa. Linalotakiwa ni mambo matatu: mtungi ulianza mtupu, mnajua maji yanaingia kwa mwendo gani, na hakuna aliyeyamwaga wala kuyaongeza.

Majivu ya volkano ni kama mtungi huo. Ndani yake mna madini yaitwayo potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hugeuka polepole sana kuwa gesi iitwayo arigoni. Moto wa volkano huifukuza gesi ya zamani, ndiyo kusema mtungi unaanza mtupu. Majivu yakisha poa, gesi mpya huanza kukusanyika ndani ya chembe za jiwe, kwa mwendo unaojulikana. Mtaalam huipima gesi iliyomo, akahesabu. Kwa hiyo anayepimwa si mfupa, bali ni majivu yaliyo juu yake na chini yake. Kumbukeni neno hili, kwa sababu tutalirudia.

Miaka milioni moja ni hesabu ngumu kuifikiri. Hebu tufanye hivi. Mtu asimame mlangoni, aanze kutembea kurudi zamani, na kila hatua iwe miaka 1,000. Kwa hatua moja amefika wakati Kilwa ilipokuwa ikianza kusitawi. Kwa hatua mbili amefika zamani za Nabii Isa. Kabla ya hatua ya tano amewapita wale waliojenga piramidi kubwa za Misri. Lakini ili amfikie Zinjanthropus, lazima atembee hatua 1,750.

(Pumziko. Wanafunzi waelezane kwa maneno yao wenyewe namna mtungi unavyofanana na majivu ya volkano.)

SHAHIDI WA KWANZA: NYAYO ZA LAETOLI

Haya, tuendelee. Tumwite sasa shahidi wa miguu. Kiasi cha kilomita 45 kusini ya Olduvai pako mahali paitwapo Laetoli. Mwaka 1976 wataalam waliokuwa wakifanya kazi huko na Mary Leakey walikuwa wakicheza, wakirushiana mavi makavu ya tembo. Mmoja wao, Andrew Hill, alianguka chini akikwepa, na alipotazama karibu na uso wake aliona alama katika jiwe. Zilikuwa nyayo za wanyama, na hata alama za matone ya mvua.

Mwaka 1978 zikaonekana nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili. Zilikwenda kwa mstari mrefu wa kiasi cha mita 27. Volkano ilikuwa imemwaga majivu, mvua kidogo ikayalowesha, viumbe wakapita, na majivu yakakauka yakawa magumu kama saruji. Kisha majivu mengine yakazifunika nyayo. Majivu yale yamepimwa, na umri wake ni miaka kama 3,660,000. Yule mtu wetu wa hatua angetembea zaidi ya kilomita mbili kufika hapo.

Sasa tusome nyayo hizo kama mwindaji asomavyo. Kisigino kimekanyaga kwanza, kimedidimia sana. Uzito umepita mbele, na vidole vimesukuma ardhi. Kidole gumba kimepangana na vidole vingine, wala hakikutanuka kando. Mguu wa sokwe hauko hivyo, kwa sababu kidole gumba chake hutanuka kama kidole gumba cha mkono, apate kushika matawi. Tena hakuna alama ya mikono. Viumbe hawa walitembea wima, karibu kama tutembeavyo sisi. Nyayo ni za watatu, na mmoja wao alikanyaga katika nyayo za mwenzake aliyetangulia.

Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba nyayo nyingine zimeonekana Laetoli, kiasi cha mita 150 kutoka zile za kwanza. Walioongoza kazi hiyo walikuwamo wataalam wa Kitanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki. Safari hii walikuwa viumbe wawili, na mmoja wao alikuwa mkubwa kuliko wote. Wamekisia kimo chake kuwa mita 1.65.

Je, hao walikuwa na vichwa kama vyetu? Hapana. Mwaka 1974 yalionekana mabaki ya kiumbe wa namna hiyohiyo huko Hadar, Ethiopia, karibu nusu ya mifupa ya mwili mzima. Wataalam walimpa jina la Lucy, na kwa Kiamhari anaitwa Dinkinesh. Aliishi miaka milioni 3.2 iliyopita, na kimo chake kilikuwa kama mita 1.1 tu. Mifupa ya nyonga na ya goti yaonyesha kwamba alitembea wima. Lakini ubongo wa viumbe wa kabila lake ulikuwa kiasi cha nusu lita, au pungufu. Ubongo wa sokwe hukaribia kiasi hicho. Ubongo wa mtu mzima wa leo, mwanamume au mwanamke, wastani wake ni lita moja na theluthi. Basi hapa tuna miguu ya mtu pamoja na kichwa kidogo.

SHAHIDI WA PILI: MAWE YALIYOCHONGWA

Mtu aliyesimama kwa miguu miwili, mikono yake inabaki huru. Anaweza kubeba mtoto, chakula, au jiwe. Shahidi wa pili ni jiwe.

Jiwe lililovunjika lenyewe na jiwe lililochongwa na mtu havifanani. Anayechonga hupiga jiwe kwa jiwe, mara nyingi, kwa upande uleule, hata ukingo ukawa mkali wa kukatia. Mawe ya kale kuliko yote yanayojulikana yalionekana Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana, Kenya, nayo yana umri wa miaka milioni 3.3. Tazameni hesabu: nyayo za Laetoli ni za kale kuliko mawe hayo. Huko Kanapoi, Kenya, muundi wa mguu wenye miaka zaidi ya milioni 4 unaonyesha kwamba mwenyewe alitembea wima. Maana yake, watu wa kale walitembea kwa miguu miwili muda mrefu kabla ya jiwe la kwanza tunalolijua kuchongwa.

Olduvai mawe hayo ni mengi, hata namna ile ya uchongaji imepewa jina la mahali pale katika vitabu vya dunia nzima. Pamoja na mawe hayo imeonekana mifupa ya wanyama yenye alama za kukatwa, na mingine imevunjwa ili kutoa mafuta yaliyo ndani.

Nani aliyachonga? Kwanza Leakey alidhani ni Zinjanthropus. Lakini tangu mwaka 1960 ikaonekana mifupa mingine palepale Olduvai, ya mkono, ya taya na ya fuvu, ambayo ilikuwa ya kiumbe mwingine. Meno yake yalikuwa madogo, na ubongo wake ulizidi nusu lita, ukakaribia robo tatu ya lita. Mwaka 1964 kiumbe huyo alipewa jina la Homo habilis, maana yake mtu hodari wa mikono. Basi waliishi pamoja katika nchi moja, Zinjanthropus na mtu hodari wa mikono. Ukoo wa Zinjanthropus ulikwisha zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, wala hakuacha mjukuu.

SHAHIDI WA TATU: KICHWA

Mwaka 1984, magharibi ya Ziwa Turkana, Mkenya mmoja jina lake Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya changarawe, rangi yake sawa na changarawe. Mtu mwingine angekipita. Kimeu alikuwa bingwa wa kutambua visukuku, tena sifa zake zilienea nchi nyingi. Walipochimba walipata karibu mifupa yote ya mtoto wa kiume, aliyekufa miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Miguu yake mirefu na kiuno chake ni kama vyetu. Angepita njiani kwa mbali, ungemdhani mtoto wa jirani. Lakini ubongo wake haukufika lita moja.

Kichwa chenye ukubwa kama wetu kilikuja baadaye sana. Mafuvu ya watu wa namna yetu yameonekana Omo, Ethiopia, yenye umri wa zaidi ya miaka 200,000, na Jebel Irhoud, Moroko, yenye kiasi cha miaka 300,000. Kwa mtu wetu wa hatua, hizo ni hatua 300 tu, naye nyayo za Laetoli atazifikia kwa hatua 3,660. Hivyo ubongo mkubwa ni mgeni wa juzi, na miguu ndiyo mwenyeji.

KWA NINI WATAALAM WALIKATAA?

Sasa sikilizeni jambo lenye mafunzo. Zamani wataalam wengi wa Ulaya waliamini kinyume cha hayo. Walisema kwamba lazima akili ilitangulia: kwanza kichwa kikawa kikubwa, ndipo mwili ukafuata. Tena wengi walidhani mtu wa kwanza atapatikana Ulaya au Asia. Charles Darwin alikuwa ameandika mwaka 1871 kwamba huenda asili yetu ni Afrika, lakini wengi hawakumfuata.

Mwaka 1912 huko Uingereza, mahali paitwapo Piltdown, lilitangazwa fuvu lenye kichwa kikubwa kama cha mtu na taya kama la nyani. Lilikuwa hasa kama walivyotazamia, basi wengi wakalipokea kwa furaha. Mwaka 1924 machimbo ya chokaa ya Taung, Afrika Kusini, yalitoa fuvu la mtoto. Mtaalam Raymond Dart alilichungua akaona kwamba ubongo wake ulikuwa mdogo, lakini tundu ambalo uti wa mgongo hupitia liko chini ya kichwa. Tundu la mbwa liko nyuma ya kichwa, kwa sababu kichwa chake huning'inia mbele ya mwili. La mtu liko chini, kwa sababu kichwa chake hukaa juu ya shingo kama mtungi juu ya kichwa cha mama anayetoka kisimani. Kwa hiyo mtoto wa Taung alitembea wima. Dart alitangaza habari hiyo mwaka 1925, lakini wakubwa wengi wa elimu walimpuuza. Walisema ni mtoto wa sokwe tu.

Kisha mwaka 1953 fuvu la Piltdown lilipimwa upya. Ikaonekana kwamba lilikuwa ni udanganyifu! Fuvu lilikuwa la binadamu, na taya lilikuwa la nyani mkubwa wa Asia. Meno yalikuwa yamepigwa tupa, na mifupa imetiwa rangi ili ionekane ya kale. Miaka 40 watu wenye elimu waliheshimu shahidi wa uongo, kwa sababu alisema yale waliyotaka kusikia, na shahidi wa kweli kutoka Afrika akangojeshwa nje ya baraza.

Mafunzo ni nini? Mtu asipime ushahidi kwa mapenzi yake. Akisikia neno linalompendeza, na hapo pia aulize: Umejuaje?

JE, BABU YETU NI NYANI?

Watu wengi huuliza swali hili. Sokwe wa leo si babu yetu. Mtoto wa ami yako si babu yako, wala hukuzaliwa naye, lakini wote wawili mna babu mmoja. Hali yetu na sokwe ni hiyohiyo. Wataalam wanakisia kwamba babu wa koo zetu mbili aliishi miaka milioni 6 au 7 iliyopita, labda na zaidi. Ukoo mmoja ulibaki msituni ukawa wa sokwe. Ukoo mwingine ukapita njia ya Laetoli na Olduvai. Nao haukuwa mstari mmoja ulionyooka. Ulikuwa kama mti wenye matawi mengi, na matawi mengi yalikauka.

Tawi lililobaki ni moja, nalo ni sisi sote. Mwarabu, Mzungu, Mhindi, Mmasai na Mmakonde, wote asili yao ni watu wa kale wa Afrika. Anayedharau watu kwa rangi au kwa kabila hana shahidi hata mmoja ardhini.

KAZI YETU SISI

Msidhani kwamba mambo haya ni ya wataalam tu. Visukuku huonekana pale mvua inapokula ardhi, na wa kwanza kupita hapo mara nyingi ni mchungaji au mkulima. Mwaka 1963 fuvu moja la mtu wa kale lilionekana Olduvai likiwa limekanyagwa na ng'ombe, likavunjika vipande vidogo vidogo. Mchungaji hakuwa na kosa, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba lipo. Nyayo za Laetoli nazo zilifunikwa kwa udongo na mchanga mwaka 1979 ili zihifadhiwe, lakini katika udongo ule mlikuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota, na mizizi ikaanza kuelekea kwenye nyayo. Katika miaka ya 1990 ilibidi kufukua, kuondoa mizizi, na kuzifunika upya kwa utaratibu bora.

Basi, ukiona mfupa mzito kama jiwe umetokeza ardhini, fanya hivi. Usiuchimbe. Usiuchukue nyumbani, wala usiuuze. Weka alama karibu yake, uwaepushe ng'ombe, kisha uwaarifu viongozi wa kijiji ili habari ifike kwa wahusika wa mambo ya kale. Nchini Tanzania vitu hivi vinalindwa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Sababu mnaijua tayari. Anayepimwa umri si mfupa, bali ni tabaka la ardhi. Mfupa ukiondolewa mahali pake bila kuandikwa, ni kama shahidi aliyesahau siku na mahali. Yuko barazani, lakini maneno yake hayana nguvu tena.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini mifupa mingi haigeuki kuwa visukuku?
2. Nyayo za Laetoli zinatuonyesha mambo gani matatu?
3. Pangeni haya kwa umri, tangu la kale mpaka jipya: fuvu la Zinjanthropus, mawe ya Lomekwi, nyayo za Laetoli, mafuvu ya Jebel Irhoud.
4. Watu walilikubalije fuvu la Piltdown miaka 40? Je, katika kijiji chetu kuna habari tunazozikubali bila shahidi?
5. Mtoto wako ameleta nyumbani mfupa wa jiwe kutoka bondeni. Utamwambia nini, na utafanya nini?

Ndugu wanafunzi, saa yetu imekwisha. Kila mmoja aandike daftarini sentensi tatu juu ya shahidi aliyempendeza zaidi, na kiongozi wa darasa atazisahihisha.